Aina za miamala kwenye programu ya wadaiwa: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Ikifika tarehe 17 au 18 ya mwezi, simu yangu huanza kulia kabla sijamaliza chai. Ripoti ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inatakiwa KRA, Mamlaka ya Mapato Kenya, kufikia tarehe 20, na hapo ndipo maduka ya jumla ya Nakuru, hadwea za Kisumu na maduka ya pembejeo ya Bungoma huona kwamba deni la wateja kwenye programu halikubaliani na leja kuu, yaani hesabu za biashara nzima. Karani ameshalaumiwa, intaneti imelaumiwa, kompyuta imezimwa na kuwashwa. Mara nyingi nikifika hukuta chanzo ni aina ya muamala iliyopangwa vibaya siku ya kwanza, na kila invoisi iliyofuata ikabeba kosa lile lile.

Aina ya muamala ni maagizo unayoipa programu mara moja ili iyafuate kila siku. Unaiambia: hii ni invoisi au krediti noti (hati ya kumpunguzia mteja deni), iongeze deni la mteja au ilipunguze, iende leja kuu au isiende, mauzo yaingie akaunti gani, deni likae wapi, VAT ihesabiwe vipi, namba zifuate mfululizo upi. Programu za hesabu kama Sage, Oracle na Odoo kila moja ina majina yake, na programu nyingine ndogo huja na aina zake zikiwa zimefungwa, huwezi kuzibadilisha. Kwa hiyo nitaeleza kazi ya kila sehemu, wewe utaitafuta kwenye skrini yako.

Kabla hujagusa chochote

Chukua nakala rudufu ya data na uhakikishe inafunguka. Piga picha ya skrini ya mipangilio ya aina unayoishuku, kila ukurasa wake, ili ukikosea uweze kurudi ulikotoka. Kisha angalia kama aina hiyo imewahi kutumika hata mara moja.

Ikiwa imetumika, usiibadilishe. Ifunge kwa kuiwekea tarehe ya mwisho, kisha tengeneza aina mpya yenye mipangilio sahihi na jina linaloeleweka. Najua inaonekana ni kazi ya ziada, lakini zipo programu zinazosoma mipangilio upya wakati wa kuchapisha invoisi ya zamani au kupeleka miamala iliyokuwa ikisubiri. Ukibadilisha leo, invoisi ya miezi mitatu iliyopita inaweza kwenda akaunti isiyo yake. Na mkaguzi wa hesabu akija, atakuta aina moja ya Machi inaingia akaunti hii na ya Aprili inaingia ile, bila maelezo yoyote.

Majaribio yafanyie kwenye kampuni ya mfano ndani ya programu, si kwenye data ya kazi. Kama programu yako haina kampuni ya mfano, rejesha ile nakala rudufu kwenye kompyuta nyingine na ujaribie huko.

Dalili: Aina niliyotengeneza haionekani kwenye orodha

Anza na tarehe. Ukiunda aina leo, programu nyingi hujaza tarehe ya kuanza kuwa leo. Karani akijaribu kuandika invoisi ya juzi, aina hiyo inafichwa kwa sababu juzi haikuwepo. Rudisha tarehe ya kuanza hadi mwanzo wa mwaka wa hesabu na utaiona.

Kama tarehe ni sawa, angalia kundi la aina. Aina uliyoiweka kundi la krediti noti haitatokea kwenye skrini ya invoisi hata ukiitafuta mpaka jioni. Halafu angalia tawi: kampuni yenye duka Nakuru na jingine Kisumu huweza kuwa imeunda aina upande wa Nakuru pekee. Kisha ruhusa za mtumiaji. Mwisho, mwambie karani atoke kwenye programu na kuingia upya, kwa sababu orodha nyingine hupakiwa mara moja tu wakati wa kuingia.

Dalili: Invoisi ipo, lakini deni la mteja halijaongezeka

Chanzo cha kwanza hakihusu aina hata kidogo: invoisi bado ni rasimu. Imehifadhiwa, imechapishwa pengine, lakini haijakamilishwa. Tafuta hali ya invoisi kabla ya kutafuta kingine.

Cha pili ni aina ya mauzo ya taslimu kutumika kwa mteja wa mkopo. Hii hutokea sana kaunta ikiwa na foleni. Aina ya taslimu ndiyo ya kwanza kwenye orodha na mkono unaizoea. Programu inachukulia kwamba pesa imeshalipwa, deni halifunguki, na akaunti ya taslimu inaonyesha pesa ambayo haipo kwenye droo. Panga orodha upya ili aina ya mkopo na ya taslimu zisikae jirani, na uzipe majina yasiyofanana.

Cha tatu ni swichi ya kufungua deni, ambayo imezimwa ndani ya aina yenyewe. Hii nitaieleza kwa kirefu hapo chini kwa sababu ndiyo inayovuruga mengi.

Dalili: Mteja anadaiwa, lakini leja kuu haina habari

Kwanza angalia kama kazi ya kupeleka miamala leja kuu imefanyika. Programu nyingine hupeleka papo hapo, nyingine husubiri mtu abonyeze kitufe, na katika ofisi ndogo mtu huyo akienda likizo hakuna anayekumbuka. Pili, kipindi. Invoisi yenye tarehe ya mwezi uliofungwa hubaki ikining'inia kati ya leja ndogo ya wateja na leja kuu. Tatu, akaunti iliyotajwa kwenye aina huenda imefungwa au imefutwa. Hapo programu hutoa ujumbe wa kosa au hutupa kiasi chote kwenye akaunti ya muda, inayoshika miamala isiyo na pa kwenda. Fungua akaunti hiyo ya muda. Nimewahi kukuta humo mauzo ya miezi minne yakiwa yamelala, na mwenye duka alikuwa akijiuliza kwa nini biashara inashuka ilhali stoo inatoka kila siku.

Cha nne ni swichi ya kupeleka leja kuu, ikiwa imezimwa kwenye aina.

Onyo: ukigundua kipindi kilichofungwa ndicho chanzo, usikifungue mwenyewe kama VAT ya mwezi huo imeshawasilishwa. Mauzo yatakayoingia baadaye yatafanya hesabu zako zitofautiane na ulichoiambia KRA. Simama, mpigie mhasibu wako wa kodi.

Dalili: Orodha ya wadaiwa na akaunti ya udhibiti hazilingani

Hii ndiyo inayowanyima watu usingizi. Orodha ya wadaiwa inasema 2,340,000, akaunti ya udhibiti, yaani jumla ya madeni ya wateja kwenye leja kuu, inasema 2,285,000, na mkurugenzi anauliza ni ipi ya kweli.

Chanzo kinachoongoza ni ingizo la mkono. Mtu aliona kosa, akaona ni rahisi kulirekebisha moja kwa moja kwenye akaunti ya udhibiti katika leja kuu, bila kupitia akaunti ya mteja. Leja ikasogea, orodha ya wadaiwa ikabaki ilipokuwa. Kama programu yako inaruhusu kufungia akaunti ya udhibiti isipokee maingizo ya mkono, ifungie leo hii.

Kinachofuata ni zile swichi mbili nilizozitaja: kufungua deni na kupeleka leja kuu. Kila aina ina jibu la ndiyo au hapana kwa kila swichi, na michanganyiko ni minne.

Ndiyo na ndiyo ni invoisi, debiti noti (hati ya kumwongezea mteja deni) na krediti noti za kawaida. Hapa hakuna tatizo.

Hapana na hapana inafaa kwa invoisi ya makadirio ambayo mteja anaipeleka kwa ofisi yake kuomba idhini ya kununua. Hakuna mauzo bado, kwa hiyo deni halifunguki wala leja haiguswi.

Deni ndiyo, leja hapana ina kazi moja halali: kuingiza madeni ya zamani siku mnapohamia programu mpya. Salio la wadaiwa kwenye leja kuu huingizwa kwa jumla yake kama salio la kuanzia, na kila invoisi ya zamani huingizwa upande wa wateja kwa aina hii ili lisihesabiwe mara mbili. Baada ya siku hiyo, aina hii ifungwe. Lakini mara nyingi haifungwi! Inaachwa kwenye orodha, karani mgeni anaichagua kwa sababu ina neno "invoisi" katika jina lake, na kila anachoandika kinaongeza deni la mteja bila kugusa mauzo wala VAT. Ukiwa na tofauti isiyoeleweka na programu yenu ni changa, tafuta hapa kwanza.

Leja ndiyo, deni hapana ni mchanganyiko ninaouogopa. Leja inapokea mauzo na inaongeza akaunti ya udhibiti, lakini steitimenti ya mteja haina kitu. Hakuna atakayemdai mteja huyo. Tofauti kati ya leja na orodha ni dalili tu. Hasara yenyewe ni mzigo uliotoka dukani bila mtu wa kulipa. Ukikuta aina kama hii, toa ripoti ya miamala yake yote tangu mwanzo kabla ya kufanya jambo jingine, na uwatafute wateja hao mmoja mmoja ukiwa na noti za kupokelea mzigo.

Chanzo kingine, si cha kawaida sana, ni aina mbili zenye akaunti tofauti za deni. Aina ya jumla inapeleka deni akaunti moja, aina ya rejareja nyingine, kisha mtu analinganisha orodha nzima ya wadaiwa na akaunti moja tu. Hapo hakuna kosa la kurekebisha. Jumlisha akaunti zote za deni kwanza.

Kutafuta tofauti, usianze na kusoma kila mstari. Chukua tarehe ya nyuma ambayo una uhakika hesabu zililingana, labda mwisho wa mwaka uliokaguliwa. Gawa muda uliobaki katikati na uangalie kama zinalingana siku hiyo. Kama zinalingana, kosa liko nusu ya pili. Kama hazilingani, liko nusu ya kwanza. Gawa tena. Kwa mwaka mzima utafikia siku yenyewe kwa hatua 8 au 9. Kisha toa ripoti ya siku hiyo kwa kila aina ya muamala, ulinganishe na maingizo ya leja. Kwa mfano wetu hapo juu, ukikuta aina ya madeni ya zamani imetumika kwa jumla ya 55,000, tofauti yako yote umeipata.

Na gawa tofauti yenyewe kwa 2. Ukipata kiasi unachokitambua, kuna muamala umekwenda upande usio wake, jambo linalotupeleka kwenye dalili inayofuata.

Dalili: Krediti noti inaongeza deni badala ya kulipunguza

"Madam, mteja amerudisha mabati ya elfu tano, nimemwandikia krediti noti, sasa anadaiwa arobaini na tano badala ya thelathini na tano." Simu hii ilitoka Kisumu, na imetoka Kakamega, na imetoka Molo, kila mara na bidhaa tofauti. Deni lilikuwa 40,000. Lilipaswa kushuka hadi 35,000. Tofauti ni 10,000, yaani krediti noti mara mbili.

Kwenye aina kuna sehemu ya alama: chanya pekee, hasi pekee, au zote mbili. Krediti noti inapaswa kuwa hasi. Tatizo ni kwamba programu hazikubaliani kuhusu nani anaweka alama ya kutoa. Baadhi hutaka uandike 5,000 na zenyewe ziigeuze kuwa hasi kwa sababu aina iko kundi la krediti. Nyingine hutaka uandike −5,000. Ukiandika −5,000 kwenye programu inayogeuza yenyewe, hasi mbili zinatoa chanya. Andika krediti noti ya shilingi 100 kwenye kampuni ya mfano, angalia steitimenti, na ubandike karatasi kwenye kaunta inayoeleza kinachoandikwa.

Usichague "zote mbili" ili kuepuka usumbufu. Ukiruhusu alama zote, programu haitamzuia karani siku atakapokosea, na kosa litaonekana mteja atakapolalamika.

Chanzo adimu zaidi: krediti noti imeundwa ndani ya kundi la invoisi, ikapewa jina tu la krediti noti. Jina halina uwezo wowote. Kundi ndilo linaloamua.

Dalili: VAT haitoki sawa

Kosa la kila siku ni bei yenye VAT ndani kusomwa kama bei isiyo na VAT. Bei ya rafu ni 11,600. Kwa asilimia 16, mauzo ni 10,000 na VAT ni 1,600. Kama aina imewekwa kuongeza VAT juu ya bei, mteja atapata invoisi ya 13,456 na utamsikia akilalamika papo hapo. Kosa la kimya zaidi ni mtu kuchukua asilimia 16 ya 11,600 kwa mkono, akapata 1,856. Kwenye bei iliyo na VAT ndani, gawa kwa 1.16 kwanza.

Kosa la pili ni kuchanganya kiwango cha sifuri na bidhaa zilizosamehewa VAT. Kwa mteja, zote mbili hazina VAT kwenye invoisi, kwa hiyo karani huona ni kitu kimoja. Kwa biashara yako ni mbali kama Nakuru na Busia. Ukiuza bidhaa ya kiwango cha sifuri unaweza kudai VAT uliyolipa kwenye manunuzi yanayohusika. Ukiuza iliyosamehewa huwezi. Mazao ya shambani yasiyosindikwa, kama mahindi ya gunia, yamo kwenye orodha ya zilizosamehewa. Maua yanayosafirishwa nje ya nchi kutoka Naivasha ni ya kiwango cha sifuri kwa kuwa ni mauzo ya nje. Tengeneza msimbo wa kodi tofauti kwa kila kimoja, na usitumie aina moja ya "bila VAT" kwa vyote. Orodha zenyewe zimo kwenye majedwali ya Sheria ya VAT ya mwaka 2013, na hubadilishwa na Sheria za Fedha karibu kila mwaka, kwa hiyo zisome upya kila Julai.

Usiandike asilimia ndani ya aina ya muamala. Iweke kwenye msimbo wa kodi wenye tarehe ya kuanza na ya mwisho, kisha aina irejelee msimbo huo. Walioishi mwaka 2020 wanakumbuka: VAT ilishuka hadi asilimia 14 tarehe 1 Aprili, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa na misimbo yenye tarehe walibadilisha sehemu moja. Wengine walirekebisha aina moja moja usiku, na wengine wakasahau kuzirudisha.

Dalili: Mteja amelipa yote, lakini kuna salio dogo lisiloisha

Tazama kiasi kilichobaki. Kama umeuza kwa taasisi kubwa iliyoteuliwa na KRA kuwa wakala wa kuzuia VAT, salio hilo linaweza kuwa asilimia 2 ya thamani ya mauzo kabla ya VAT. Invoisi ya 116,000 ina mauzo ya 100,000. Wakala anakulipa 114,000 na kuipelekea KRA 2,000 kwa niaba yako. Steitimenti inaonyesha mteja bado anadaiwa 2,000, na mwezi ujao 2,000 nyingine, mpaka meneja anaagiza krediti noti ili kusafisha.

Tafadhali usifanye hivyo. Krediti noti inapunguza mauzo yako na VAT yako kana kwamba bidhaa ilirudishwa, na haikurudishwa. Zile 2,000 ni pesa yako iliyo KRA. Tengeneza aina ya marekebisho iitwayo VAT iliyozuiliwa, ipunguze deni la mteja na ipeleke kiasi kwenye akaunti ya mali, ile unayoidai kutoka KRA. Iandike ukiwa na cheti cha kuzuiliwa mkononi, na uweke namba ya cheti kwenye maelezo. Fanya vivyo hivyo kwa kodi ya mapato inayozuiliwa kwenye huduma, kwa aina yake tofauti. Usizichanganye hizi mbili kwenye aina moja. Zinadaiwa kwenye ripoti tofauti.

Kama salio si asilimia 2, angalia malipo ya M-Pesa. Pale ambapo gharama ya Paybill (namba ya biashara ya kupokelea M-Pesa) inabebwa na biashara, wengine huingiza kiasi kilichofika benki badala ya alicholipa mteja. Ingiza malipo kamili ya mteja, na gharama iende kwenye akaunti ya gharama za benki.

Dalili: Programu inakataa kuoanisha malipo au krediti noti na invoisi

Mara nyingi malipo yako kwenye akaunti ya tawi jingine la mteja huyo huyo. Kama sivyo, angalia kanuni ya aina kuhusu malipo yanayozidi invoisi. Aina iliyowekwa kutokubali kuzidishwa haitaruhusu malipo ya 50,000 kukaa juu ya invoisi ya 48,000. Zile 2,000 ziache wazi kwenye akaunti ya mteja kwa invoisi ijayo. Swichi hiyo iache jinsi ilivyo. Inakulinda.

Dalili: Arbuni imeonekana kama mauzo mara mbili

Mteja wa Kisumu ameagiza matangi ya maji ya 116,000, akaacha arbuni ya 34,800. Karani akaandika invoisi ya arbuni, na mzigo ulipotoka akaandika invoisi nzima. Sasa mauzo ni makubwa kuliko mzigo uliotoka.

Arbuni inahitaji aina yake, ambayo inapeleka kiasi kwenye akaunti ya dhima ya malipo ya awali, si mauzo. Invoisi ya mwisho inapotoka, arbuni inapatanishwa nayo na mteja anabaki akidaiwa 81,200. Lakini kumbuka VAT haisubiri. Sheria inahesabu wakati wa mauzo kwa lile linalotangulia kati ya mzigo kutolewa, invoisi kutolewa, au malipo kupokewa hata kama ni ya sehemu tu. Arbuni ya 34,800 ina VAT ya 4,800 inayodaiwa mwezi ilipopokewa. Kwa hiyo aina ya arbuni iwe na msimbo wa VAT, na invoisi ya mwisho itoe VAT iliyokwishatozwa. Ukiona hapo programu yako inashindwa, mwite mtaalamu wa programu akiwa pamoja na mhasibu wa kodi, wakae meza moja.

Dalili: eTIMS inakataa, au inapokea kisichotakiwa

eTIMS ni mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki. Krediti noti ikikataliwa, angalia kama inataja namba ya invoisi ya awali. Bila hiyo haina pa kushikilia. Kisha angalia umri wa invoisi. Sheria ya VAT inataka krediti noti itolewe ndani ya miezi 6 tangu invoisi ilipotolewa, isipokuwa penye mzozo ulio mahakamani. Halafu angalia kama aina imeunganishwa na kundi sahihi upande wa eTIMS: aina mpya uliyotengeneza badala ya ile uliyoifunga haitajiunganisha yenyewe, na watu wengi hulisahau hili.

Tatizo la upande wa pili ni baya zaidi. Invoisi ya makadirio iliyounganishwa kama invoisi halisi inatumwa KRA, na mauzo ambayo hayakufanyika yanasomeka kama yamefanyika. Kabla ya kuwasha muunganisho, pitia kila aina na uandike kwenye karatasi: hii inatumwa, hii haitumwi.

Onyo: invoisi ikishapokewa na eTIMS, usiifute kwenye programu yako. Itabaki KRA na wewe hutakuwa nayo. Irekebishe kwa krediti noti inayoitaja. Kama zimetumwa nyingi kimakosa, zima muunganisho, usitume kingine, na uwapigie waliokuunganishia siku hiyo hiyo. Usiache hadi tarehe 20. Mnunuzi wako pia anaitegemea invoisi hiyo: tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya kielektroniki kwa ujumla haikubaliki kwenye kodi yake ya mapato.

Namba zinazoruka na tarehe za kulipa

Namba zikiruka, mara nyingi ni rasimu zilizofutwa baada ya kupewa namba. Ipange aina itoe namba wakati wa kukamilisha. Zikijirudia, matawi mawili yanatumia mfululizo mmoja bila kiambishi. Weka NKU kwa Nakuru na KSM kwa Kisumu mbele. Tarehe ya kulipa ikikosewa, masharti ya aina yanashinda masharti ya mteja, au kinyume chake. Soma mwongozo wa programu yako ujue lipi linatangulia. Krediti noti isiwekewe siku 30 za kulipa.

Wakati wa kuacha na kuita mtu

Acha pale utakapoambiwa kwamba dawa ni kuingia ndani ya hifadhidata na kubadilisha jedwali kwa mkono. Acha kama kosa linagusa mwezi ambao VAT imeshawasilishwa, mwaka uliokwisha kukaguliwa, au masalio ya kuanzia. Acha kama unataka kufuta deni lisilolipika lenye VAT, kwa sababu kudai VAT hiyo kuna masharti yake na krediti noti si njia yake. Na acha kama umejaribu marekebisho mawili na tofauti imekua badala ya kupungua. Rejesha nakala rudufu ya kwanza kabla hujajaribu la tatu.

Unapompigia mtaalamu, uwe na picha za mipangilio ya aina husika, namba za invoisi tatu zenye kosa na moja isiyo na kosa ya aina hiyo hiyo, tarehe kosa lilipoonekana mara ya kwanza, na orodha ya kila ulichobadilisha tangu hapo, kwa mpangilio ulivyokibadilisha.